Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Jumba la Magwiji wa Besiboli, Cooperstown: John Donaldson bado yuko nje

Shikamoo mama Mwenyekiti,

Nakuandikia kwa Kiswahili maana jambo likiniuma nikilisema kwa lugha nyingine linapungua nguvu.

Mi nakaa Minnesota, na huku ndo nilipomjua John Donaldson, mrusha mpira mweusi wa zamani ambaye hadi leo hamjamwingiza kwenye hilo Jumba lenu la kuenzi wachezaji bora. Kuna kipande cha filamu kilipigwa hukuhuku Minnesota, Fergus Falls, mwaka 1925, hakina sauti, unamuona anarusha mpira kwa ule mkono wake wa kushoto, halafu kuna sehemu kashika gongo ni zamu yake kupiga. Sekunde 39 tu basi. Mtu kacheza zaidi ya miaka 30 kimebaki hicho, mi nimekirudia mpaka nishakariri.

Alizaliwa Glasgow, Missouri, 1891. Ligi kubwa ilikuwa haichukui weusi, mpaka Jackie Robinson, mweusi aliyevunja mwiko huo, anaingia 1947 Donaldson kashazeeka, kwa hiyo ye akawa anaenda palipo na mechi. Alizunguka na All Nations ya J.L. Wilkinson, timu iliyochanganya weusi, weupe, Wacuba na wenyeji wa asili wa Marekani, 1920 akawa na Kansas City Monarchs, timu ya ligi ya weusi, baadaye akaja Bertha, kamji kadogo tu ka huku Minnesota, wakamlipa awarushie.

Halafu kuna hili, mama, naomba ulisome taratibu. Mwenyewe alisimulia kwamba 1917 meneja mmoja wa New York alimpa ofa ya dola 10,000, aende Cuba, abadilishe jina, arudi akijifanya Mcuba, ila sharti mojawapo ni asikanyage tena kwa mama yake wala asiwe na habari na watu weusi. Dola 10,000 za enzi zile jamani! Akakataa. Mi nina mama yangu kijijini na najua pesa inavyovuta ukiwa mbali, kwa hiyo nikifika hapo kwenye stori yake huwa nanyamaza kwanza.

Sasa mnaomwangalia mnasema rekodi yake iko wapi. Iko kwenye magazeti ya vijiji mama, watu wamekaa miaka na miaka wanayafukua moja moja, wamepata ushindi zaidi ya 400 na straikauti zaidi ya 5,000, yaani wapigaji aliowatoa kwa kuwakosesha mpira mara tatu. Mwaka 2020 ligi za weusi za 1920 hadi 1948 zilitambuliwa kuwa ligi kubwa, tukashangilia, lakini mechi zake nyingi ni za kabla ya hapo au za hukohuko vijijini kwa hiyo hazimo kwenye hesabu hiyo. Yaani alifungiwa mlango, akacheza nje, leo anaambiwa mbona hukucheza ndani? Hapana, hiyo siyo haki hata kidogo.

Na kura mlishampigia. Desemba 2021 alipata kura 8 kati ya 16 za wajumbe wa kamati yenu, zilitakiwa 12. Desemba 2024 hata 5 hazikufika, na mtu mwenyewe hajapungukiwa kitu hapo katikati. Alifariki Chicago 1970, kaburi lake likakaa bila jiwe hadi 2004.

Kura ya kundi lake, la wachezaji wa zamani, inarudi Desemba 2027. Naomba jina lake liwemo, na wale wajumbe 16 wapewe yale magazeti wayasome wiki kadhaa kabla, siyo asubuhi ya kikao.