Barua kwa mwanangu: vituko vya London ya zamani

Mwanangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Huku Tanga sote tu wazima, wasiwasi wetu ni wewe na baridi hiyo tu. Ama baada ya salamu, uliniuliza mji huo ulikuwaje enzi za Malkia Victoria. Mama, palikuwa na vituko! Na nivipendavyo mimi ni vya riziki, maana kila kero ya mji ule ilikuwa na mtu aliyeitafutia ulaji.

Chukua usingizi. Kibarua wa kiwandani hakuimudu saa ya kengele, basi alimlipa mtu peni chache kwa wiki aje alfajiri na mti mrefu, amgongee dirisha la ghorofani. Hata polisi wa zamu ya usiku waliifanya kazi hiyo wajipatie chochote. Paka nao walikuwa na muuza nyama wao. Alitembeza nyama ya farasi kwenye vijiti kama mishikaki, na paka wa mtaa mzima nyuma yake.

Lakini kiboko yao ni waokota mavi ya mbwa. Viwanda vya ngozi vya mtaa wa Bermondsey viliyanunua kwa ndoo, kwa sababu yalilainisha ngozi za glavu na za majalada ya vitabu. Mwandishi wa habari Henry Mayhew aliwahoji waokotaji hao katikati ya karne ya 19, akakuta ndoo nzuri inafika shilingi moja na zaidi. Penye bei hapakosi ujanja: wapo waliochanganya na chokaa ya kuta mbovu ili ndoo ijae. Mavi ya mbwa yanachakachuliwa, Zuhura! Nilicheka mpaka mama yako akaja kuuliza kulikoni. Na bibi mkubwa ananyoosha mkono wenye glavu nyororo apigwe busu, hana habari.

Kero iliyowashinda wote ni mto Thames. Vyoo vya kuvuta vilienea, uchafu ukaishia mtoni, na kuna waliokunywa maji hayo hayo. Kiangazi cha 1858 uvundo ukaingia Bungeni. Mapazia yakachovywa kwenye dawa ya klorini, wapi! Disraeli, waziri wa fedha, akaonekana anatoka mbio kwenye chumba cha kamati, makaratasi mkono mmoja, leso puani. Hapo kicheko kinanikatika, maana kipindupindu kilikuwa kimeshaua maelfu ya watu, na mambo yakasuasua miaka. Uvundo ulipowafika waheshimiwa puani, sheria ya kuusafisha mto ikapita kwa siku 18. Ndipo mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mitaro ya majitaka, na mmoja unapita chini ya barabara ya Victoria Embankment hapo hapo unapopanda basi.

Ukipata nafasi, nenda Bermondsey, pita Tanner Street na Leathermarket Street, uniandikie siku hizi wanauza nini. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula.

Wako akupendaye,
Baba