Shukrani kwa binti aliyetutengenezea tovuti

Mwanangu, wewe uliyetukuta steshenari pale Mtwara mjini, wazee tuliopigana Vita vya Kagera, tukiulizia bei ya kutengenezewa tovuti ya kikundi chetu cha kukutana kila mwaka: asante sana. Hukutaka hata jina lako tuliandike.

Wengine walishatutajia mambo makubwa, video na mapambo tele. Wewe uliuliza kwanza nani atasoma, na kwa simu gani. Tukakwambia wenzetu wako Newala, Tandahimba, Nachingwea, mtandao wa kubahatisha. Ukatutengenezea kurasa chache za maandishi, na picha zetu za 1979 ukazipunguza uzito zifunguke haraka hata kwenye simu ndogo. (Ile ya Masaka, tukiwa bado vijana, mjukuu wangu haachi kuitazama.)

Kilichonigusa zaidi ni uangalifu wako. Ulikataa kuweka hadharani namba zetu za simu, ukisema matapeli huwawinda wastaafu. Picha za marehemu ulitaka wajane waridhie kwanza. Jina la tovuti ukalisajili kwa kikundi, si kwako, nywila ukamkabidhi katibu, na nakala ya kila kitu ukatuwekea kwenye flashi. Hela uliyopokea ni ya kulipia jina na nafasi ya kuhifadhia tu.

Tangu hapo wenzetu tuliodhani wametangulia wamejitokeza. Mmoja yuko Liwale, mzima kabisa.

Julai 25, Siku ya Mashujaa, tutakuwa makaburini Naliendele. Njoo, mwanangu. Wazee wanataka kukushika mkono.