Barua ya wazi kwa wanasayansi mnaokabidhiwa ofisi za utafiti vyuoni

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira ambayo nimejaribu kuituliza kwa wiki mbili, nayo imekataa. Nilialikwa, kama mzee aliyewahi kushika kazi mnayoishika leo, kushuhudia uzinduzi wa kituo cha ubunifu cha chuo kimoja. Utepe ulikatwa, hati ya makubaliano na wenye viwanda ikatiwa saini, picha zikapigwa. Nilipoomba kuoneshwa karakana, niliikuta mashine ya kupima uimara wa vyuma imefunikwa turubai, na ubavuni bado ina kibandiko cha msafirishaji. Fundi wa kuiendesha hakuajiriwa, kwa sababu bajeti ilitaja mashine, haikutaja mtu. Nikamuuliza mmoja wa wenye viwanda waliotia saini ni tatizo gani la kiwandani kwake litakaloshughulikiwa pale. Akanijibu kwa adabu kwamba hajaulizwa.

Hajaulizwa! Ofisi nzima, yenye mkurugenzi, makatibu na mpango mkakati wa kurasa mia, inataka kuinua uchumi wa eneo lake, na haijafika kiwandani hata mara moja kuuliza kinachoharibika.

Naomba mumtazame mkemia Stephen Babcock wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Zamani zake maziwa yalinunuliwa kwa uzito, hivyo aliyeyatia maji alilipwa sawa na mwaminifu, na aliyefuga ng'ombe wenye maziwa mazito hakuambulia ziada yoyote. Swali lilitoka zizini na kwenye viwanda vya siagi, nalo lilikuwa swali la watu kutoaminiana. Mwaka 1890 Babcock alitangaza jibu lake: unachanganya maziwa na asidi ya salfuriki, inayoyeyusha vyote isipokuwa mafuta, unaizungusha chupa kwa kasi, na mafuta yanapanda kwenye shingo iliyochorwa vipimo ili yasomwe kwa macho. Mfanyakazi wa kawaida wa kiwandani aliweza kuifanya kazi hiyo bila kusomea kemia. Malipo yakaanza kufuata mafuta, na mfugaji akapata sababu ya kuboresha mifugo yake. Babcock hakuombea kipimo hicho hataza, yaani haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi bila idhini.

Msinielewe vibaya, siwaambii mgawe bure kila kitu. Katika chuo hichohicho Harry Steenbock alisajili hataza ya kuongeza vitamini D katika chakula kwa mwanga wa urujuanimno, na mwaka 1925 ikaundwa taasisi ya wahitimu ili mapato ya hataza yarudi kwenye utafiti. Wawili hao walichagua njia tofauti, kila mmoja akijua anachokichagua. Ninachokikemea ni hataza inayotafutwa ili ijaze safu ya jedwali katika ripoti ya mwaka.

Mengine nayataja tu. Msiache maabara zenu kabisa, hata ikibaki nusu siku kwa wiki. Ajirini fundi kabla ya kuagiza mashine. Msiweke majina yenu kwenye makala za vijana kwa kuwa tu mnakalia kiti. Mikataba isomwe na mwanasheria kabla ya sherehe.

Lakini si haki niwalaumu ninyi peke yenu. Research Triangle Park, eneo la kampuni na maabara za utafiti kule North Carolina, Marekani, ilianzishwa mwaka 1959 katikati ya vyuo vikuu vitatu, na ni mwaka 1965 ndipo kampuni ya kompyuta ya IBM ilipotangaza kuhamia huko. Miaka hiyo ya mwanzo viwanja vingi vilisubiri wapangaji. Leo mkurugenzi hupewa mkataba wa miaka mitatu na kuulizwa katika mwaka wa pili ni kampuni ngapi zimezaliwa. Kamati za kupandisha vyeo nazo huhesabu makala, kwa hiyo mtafiti aliyekaa mwaka mzima kiwandani na kurudi na ripoti ambayo ni siri ya mwenye kiwanda huambiwa hakufanya kitu. Nami nilikaa katika kamati hizo, wanangu, nikahesabu kama wenzangu. Vilevile nilitia saini hati nyingi ambazo hazikutoka tena kabatini mwangu.

Jioni ile ya uzinduzi, kijana aliyeteuliwa kukiongoza kituo alinisindikiza hadi getini, akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo ajiuzulu mapema. Nilimwambia asijiuzulu. Aombe ufunguo wa karakana, amtafute fundi yeyote mstaafu anayeijua mashine ile, na wiki ijayo aende kwa yule mwenye kiwanda bila mpiga picha, akiwa na daftari, amwombe kipande kimoja cha chuma kilichovunjika.

Amenipigia jana. Vipande anavyo vitatu, na turubai limeondolewa.

Mzee wenu, mtafiti mstaafu