Barua ya malalamiko: leteni karatasi nyeupe ya mzigo wa Aprili 29

Bohari ya mbolea ya serikali,
Kisumu.

26 Mei 2025

Kwa Meneja wa Uchukuzi,
Ofisi ya Nakuru.

Bwana Meneja,

KUH: MIFUKO 29 YA MBOLEA ILIYOPUNGUA NA HATI YA SHEHENA ILIYOFICHWA MAONI

Mimi ndiye msimamizi wa bohari hii ambayo malori ya kampuni yenu huiletea mbolea ya ruzuku kutoka Nakuru, na ninaandika kwa idhini ya mkuu wangu. Hii ni barua yangu ya tatu. Ya kwanza hamkuijibu. Ya pili mliijibu kwa mistari minne, mkasema kwamba maneno "nimepokea 531, si 560" yaliyo kwenye nakala yetu ya hati ya shehena "yaliongezwa baada ya lori kuondoka". Maana yake ni kwamba karani wetu aliiba mifuko 29 kisha akaghushi hati ili ajifiche. Nilikuwapo usiku ule tangu lori lilipoingia hadi lilipotoka, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona, halafu nitaeleza kwa nini hati yenyewe inawakatalia.

Lori lenu lilitoka Nakuru saa mbili asubuhi, Jumanne Aprili 29, likiwa na mifuko 560 ya CAN, mbolea ya kukuzia. Kila mfuko kilo 50, jumla tani 28. Hapo hatuna ubishi, wenzetu wa bohari ya Nakuru walihesabu wakipakia. Kutoka huko hadi kwetu, kwa njia ya Salgaa, Mau Summit na Kericho, ni kilomita 180 hivi. Lori lilipiga honi langoni kwetu saa tatu na dakika arobaini usiku. Najua lori lenye mzigo hujikokota kwenye mlima wa Mau, na siku hiyo mvua ilinyesha. Hata hivyo dereva tuliyemzoea, yule aliyetuletea mizigo kwa miaka, alikuwa akitoka saa hiyo hiyo na kufika kabla ya saa tisa alasiri, mvua au jua. Huyo mlimhamisha bila kutuarifu. Aliyekuja ni kijana ambaye hakuwa amewahi kufika Kisumu na mzigo, na aliongozwa kwa simu kuanzia Ahero. Simlaumu kijana huyo kwa kuchelewa, na mtaona hapo mbele kwamba ndiye mtu wenu pekee aliyetutendea haki.

Bohari hupokea mizigo hadi saa kumi na moja jioni, na jambo hilo limo kwenye mkataba wenu. Ningeweza kuliacha lori lilale nje. Nililifungulia kwa sababu turubai lilikuwa limelegea upande wa nyuma na maji yalikuwa yakitiririka ndani, na CAN ni mbolea inayonyonya maji kama chumvi. Ikilowa hugeuka jiwe, na mkulima hawezi kuinyunyiza tena. Nilipanda mwenyewe na tochi. Kamba ya turubai upande wa kushoto ilikuwa imefungwa fundo tofauti na zile nyingine, na ilikuwa mpya. Katikati ya mzigo, nyuma kidogo ya kichwa cha lori, palikuwa na shimo. Mifuko ya juu ilikuwa imebonyea kuingia ndani, kama godoro lililotolewa sufi.

Mkataba unasema kampuni italeta wapakuzi wake. Walikuja wawili badala ya sita. Niliwaita vibarua wanne kutoka mtaani, tukawalipa sisi wafanyakazi kwa kuchangishana, na pesa hizo hatujarudishiwa.

Sasa nije kwa karani. Simtaji jina, ninyi mnalijua, lipo kwenye barua mliyoiandikia makao yetu makuu. Hapa ofisini tunamwita Mama, wakubwa kwa wadogo. Mama hahesabu kwa kutazama. Hukaa kwenye kiti kando ya mlango wa bohari, daftari mapajani, na kila mfuko unaopita begani mwa kuli anaupigia kijistari. Vikifika vinne, cha tano anavikata kwa mshazari. Huku ndani mifuko hupangwa juu ya mbao, kumi kumi kwa tabaka, matabaka kumi, ili kila rundo liwe mia. Hesabu ya mlangoni na ya ndani zisipopatana, kazi inarudiwa. Usiku ule zilipatana. Marundo matano yalikuwa kamili na la sita likaishia kwenye mfuko wa 31. Dereva akakataa. Mama akamwambia, "Mwanangu, njoo tuhesabu pamoja." Wakahesabu pamoja, kijana akigusa kila mfuko kwa kidole. Ilipofika saa sita na robo usiku alisema mwenyewe, "Ni 531."

Ndipo hati ikaandikwa.

Hati zenu, Bwana Meneja, zina karatasi tatu zilizoshikanishwa. Ya juu ni nyeupe, hiyo ni yenu. Ya kati ni ya waridi, na dereva hurudi nayo Nakuru kwa bohari iliyopakia. Ya chini ni ya manjano, nayo hubaki kwetu. Kati yake mnaweka kaboni. Mama aliandika kwenye nyeupe, katika nafasi ya maoni ya mpokeaji: nimepokea 531, si 560, mifuko 14 imelowa. Akatia saini. Dereva akatia saini chini ya maneno hayo. Nikapiga muhuri kwenye karatasi zote tatu, nikamchania kijana nyeupe na waridi, akaenda zake.

Nakala yetu ya manjano sasa iko mbele yangu. Maneno ya Mama yaliyo juu yake hayana wino wa kalamu. Ni kaboni, ule weusi uliofifia kingo, sawa kabisa na tarehe, nambari ya lori na neno "CAN" yaliyoandikwa Nakuru asubuhi ile. Kama angekuwa ameyaongeza baada ya lori kuondoka angeyaandika kwa kalamu moja kwa moja juu ya manjano, maana nyeupe na kaboni yake zilikuwa zimeshaondoka na lori lenu. Hakuna njia ya kuandika kwa kaboni kwenye karatasi ya tatu wakati ya kwanza iko barabarani kurudi Nakuru. Saini ya dereva wenu nayo ni ya kaboni, chini ya maneno hayo hayo, na nusu ya herufi yake ya kwanza imeingia ndani ya duara la muhuri.

Halafu kuna ile mliyoambatisha kwenye ankara mliyowapelekea makao makuu kudai malipo ya mzigo kamili. Hamkupeleka nyeupe. Mlipeleka kivuli chake kilichotolewa kwenye mashine, na mahali pa maoni ni peupe. Nilikiomba kivuli hicho nikakitazama kwa saa nzima. Aliyefunika maneno alifunika vizuri isipokuwa pembeni, ambako mkia wa tarakimu 5 ya Mama umebaki ukigusa ukingo wa muhuri. Mama huandika 5 yenye mkia mrefu unaopinda kushoto. Mkia ule uko kwenye manjano yetu na uko kwenye kivuli chenu, mahali pale pale. Ile karatasi ya waridi nayo haijawafikia wenzetu wa Nakuru hadi leo, karibu mwezi mzima.

Nawaomba mjue jambo hili limefanya nini huku, kwa sababu huenda kwenu ni tofauti ya tarakimu tu. Wakaguzi walipolinganisha ankara yenu ya 560 na kadi yetu ya bohari ya 531, waliona mifuko 29 iliyoingia ikayeyuka. Kwa bei ya ruzuku ya shilingi 2,500 kila mfuko, hizo ni shilingi 72,500. Mama akapewa barua ya kujieleza na siku saba za kujibu. Akajibu na kuambatisha nakala ya manjano. Makao makuu wakawauliza ninyi, nanyi mkajibu kwamba maneno yaliongezwa. Tangu Mei 14 ameondolewa kwenye mapokezi, anakaa kwenye meza ya langoni akiandika nambari za magari yanayoingia. Mtu aliyepokea mbolea, mahindi na mbegu kwa miaka 31.

Karibu na mlango wa ofisi yetu pana ubao wa matangazo. Hapo ndipo tunaposoma nani amehamishwa, nani amejifungua, nani amefiwa na mchango unapelekwa kwa nani. Tangu Januari palikuwa na tangazo kwamba Mama anastaafu Desemba akitimiza miaka 60, na kwamba kamati ya kumuaga imeanza kupokea michango. Asubuhi ya Mei 15 tangazo hilo halikuwapo. Tulidhani mkuu ameliondoa. Kumbe ni yeye mwenyewe. Mlinzi alimwona akichomoa pini nne, akalikunja tangazo mara mbili na kulitia mkobani. Tangu hapo michango imesimama, si kwa sababu watu hawataki kutoa, ila hakuna anayejua amwambie nini.

Mtumishi wa serikali hastaafu kwa kuaga tu. Lazima ofisi ithibitishe kwamba hadaiwi kitu ndipo faili lake la pensheni liende. Deni la 72,500 likibaki kwenye jina lake, faili litakaa hapo hapo. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mbolea yenyewe.

Na mbolea yenyewe si kitu kidogo. Huo ulikuwa mzigo wa kukuzia, wa mahindi yaliyopandwa Machi. Mkulima aliyesajiliwa hupata ujumbe kwenye simu ukimwambia idadi ya mifuko yake na mahali pa kuichukua, naye hulipa kwa simu kabla hajaona mfuko. Watu walishalipia mzigo ule. Mwanamke mmoja kutoka Nyakach alikuja na pikipiki ya kukodi Mei 2, ujumbe umelipiwa, na siku hiyo tulikuwa tumefika mwisho. Alikaa kwenye ngazi ya bohari hadi saa tisa, akifikiri labda lori jingine linakuja, kisha akarudi mikono mitupu. Ile mifuko 14 iliyolowa tuliitenga, na leo ukiipiga teke inaumiza kidole.

Ninayoyataka ni haya. Kwanza, leteni karatasi nyeupe yenyewe, si kivuli chake, ofisini kwetu au makao makuu, mbele ya mkaguzi, iwekwe kando ya manjano yetu. Kama nyeupe haina maneno ya Mama wala saini ya dereva, mimi nitaandika barua ya kuwaomba radhi na kuitia saini kwa jina langu. Pamoja nayo leteni ya waridi. Pili, andikeni barua ya kufuta kauli kwamba maoni yaliongezwa, iende makao makuu na nakala ije kwenye faili la Mama, kwa maana kauli iliyoandikwa hufutwa kwa maandishi, simu haitoshi.

Tatu, malori yenu yana kifaa cha kuonyesha yalipo, na mkataba unawataka mtoe rekodi zake tukiziomba. Naomba ya Aprili 29 yote, hasa mahali liliposimama na kwa muda gani. Safari ya chini ya saa saba ilichukua karibu saa kumi na nne, na ndani ya saa hizo kuna mtu aliyefungua turubai na kulifunga kwa kamba mpya. Sisemi ni nani.

Kuhusu dereva, nasikia amehamishiwa njia ya Mombasa wiki moja baada ya safari ile. Naomba aruhusiwe kuzungumza na wakaguzi bila kuhofia kazi yake. Alihesabu nasi, akakubali ukweli usiku wa manane akiwa amechoka na nguo zimelowa, akatia saini. Asiadhibiwe kwa hilo. Gharama ya vibarua wanne na fidia ya mifuko 43 iliyopotea na kuharibika ziko kwenye karatasi niliyoambatisha, sitazirudia hapa.

Nasubiri hadi Ijumaa, Juni 6. Baada ya hapo jambo hili halitakuwa tena la barua kati yangu nawe. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 inaruhusu kampuni inayowasilisha hati za uongo izuiwe kupata kandarasi za serikali, na mkuu wangu ameshanipa ruhusa ya kukabidhi faili kwa wanaohusika. Nisingependa tufike huko, kwa kuwa mmetuhudumia vizuri miaka mingi na wengi wa madereva wenu ni marafiki zetu.

Nakala ya manjano nimeifungia kwenye kabati la chuma ofisini kwangu. Haitoki, lakini mtu yeyote mtakayemtuma ataonyeshwa. Nipo kuanzia saa mbili asubuhi, siku zote za kazi. Akija atampita Mama langoni, na ndiye atakayemwandikia nambari ya gari.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa Bohari,
Kisumu.

Nakala:
Mkuu wa kanda
Mkaguzi wa hesabu za ndani, makao makuu
Faili la mtumishi