Sola haitaki silikoni tupu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeshauri kwamba anayenunua sola ahakikishe paneli yake ni ya "silikoni safi isiyochanganywa na kitu" (silikoni ndiyo ile inayogeuza jua kuwa umeme ndani ya paneli). Maneno hayo nayasikia pia kwa baadhi ya wauzaji hapa Mbeya, na wapo wanaopandisha bei kwa sababu hiyo. Paneli ya namna hiyo, kama ingekuwepo, isingewasha hata taa ya banda la kuku.

Nadhani kosa limetoka kwenye waya. Shaba kadiri inavyokuwa safi ndivyo inavyopitisha umeme vizuri. Ikiingiwa na fosforasi kidogo tu, inaharibika. Fundi anayevuta nyaya kila siku ataaminije vingine? Lakini elektroni za shaba tayari ziko huru. Za silikoni zimefungwa: kila atomi ina nne za nje, na zote nne zimeshikana na za jirani ndani ya fuwele. Katika joto la kawaida la chumbani, elektroni iliyo huru ni moja tu kwa takribani kila atomi trilioni 5.

Tia fosforasi, yenye elektroni tano za nje. Nne zinashikana na jirani, ya tano inabaki haina pa kujishika, na joto la chumbani tu linatosha kuiachia. Atomi moja ya fosforasi katika kila milioni ya silikoni inaongeza elektroni huru mara milioni kadhaa. Boroni, elementi nyingine, ina tatu, hivyo inaacha pengo, na pengo nalo linatembea. Aliyepanda Kosta ya Uyole anajua: wa mbele akishuka, wa nyuma yake anasogea, na wa nyuma zaidi anasogea pia, mpaka kiti kitupu kinafika nyuma wakati hakuna kiti kilichong'oka.

Kwenye paneli nyingi za miaka iliyopita, kipande chote cha silikoni kimetiwa boroni (baadaye viwanda vingi vilihamia galiamu, nayo ina tatu), kisha kikaokwa kwenye tanuri lenye fosforasi, ikaingia juu juu, chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Pale mbili hizo zinapokutana pana msukumo wa umeme unaojitengeneza wenyewe. Jua likiing'oa elektroni, msukumo ule unaipeleka juu, kwenye ile mistari ya rangi ya fedha. Bila mpaka huo, elektroni iliyong'olewa inarudi pengoni, na unachopata ni silikoni ya moto. Hata sola ya silikoni iliyotangazwa na maabara ya Bell Labs ya Marekani mwaka 1954 ilikuwa imetiwa aseniki, yenye tano kama fosforasi, na boroni kwa juu.

Asiyeamini achukue mita ya kupimia umeme. Paneli ndogo ya volti 12 kwa kawaida ina vipande 36. Ipime juani kabla hujaiunganisha na kitu: itasoma volti 21 hivi, maana kila kipande kinatoa karibu 0.6. (Nimewahi kusikia fundi akisema paneli ni feki kwa sababu ya hizo 21!)

Wauzaji wana ukweli wao kidogo. Kiwandani silikoni husafishwa sana kwanza, kwa sababu chuma kikibaki, hata kidogo mno, hunasa elektroni njiani. Boroni na fosforasi huja baadaye, kwa kipimo.

Kwa hiyo mnunuzi aulize wati zilizopimwa kwenye nyuzi joto 25 na udhamini wa miaka mingapi. Aulize pia paneli inapoteza kiasi gani ikipata joto. Silikoni ikipata joto kali huanza kuachia elektroni zake yenyewe, ule msukumo wa mpakani unalegea na volti zinashuka. Paneli nyingi hupoteza karibu asilimia 0.3 hadi 0.4 ya wati kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Ndugu zetu wa Makete, wenye jua na baridi kwa pamoja, hapo wamebahatika kuliko wa Kyela kwenye joto.

Mwalimu wa fizikia,
Uyole, Mbeya