Wifi yangu, kimeo cha mtoto kiache kwanza

Wifi yangu,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana kwenye daladala nikapitiliza kituo. Si maneno yako yaliyonishtua, ni kile kilichokuwa kinasikika nyuma yako. Ulikuwa unaongea huku unamnyonyesha. Mafunda mawili, matatu, kisha anapaliwa, anakohoa mpaka pumzi inakata, unampigapiga mgongo, “pole baba, pole”, anarudi kwenye ziwa, na kinaanza tena. Mlio huo naujua. Nimelala nao na kuamka nao miezi minane.

Halafu ukasema Mama amepata fundi wa kimeo, mnampeleka Jumamosi.

Naandika hadharani, jina lako silitaji, kwa sababu kila nikigusia habari za mwanangu hapa napata ujumbe wa wazazi wenye kisa kilekile: kikohozi kisichokoma, nimonia ya tatu, na bibi mwenye namba ya fundi.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Mwanangu alikatwa kimeo. Alikuwa na miezi mitano, mimi mwenyewe ndiye niliyemshika kichwa. Alitema damu mchana kutwa, na jioni nilipompa ziwa alipaliwa vilevile. Mama simlaumu, na yeye aliambiwa na mama yake.

Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Hakikuwa na kosa lolote. Shida ya mwanangu ilikuwa chini zaidi, shingoni: tundu jembamba lililounganisha umio, yaani njia ya chakula, na bomba la hewa. Mimba ikiwa changa kabisa njia hizo mbili huwa mrija mmoja, kisha hutengana. Zikishindwa kutengana sawasawa, mtoto huzaliwa na mlango usiotakiwa kati yake. Daktari aliuita fistula. Neno hilo sisi tumelizoea kwa kina mama walioumia wakati wa kujifungua, kwa hiyo niliposikia mtoto wa kiume ana fistula nilimkodolea macho yule daktari kama aliyekosea faili.

Watoto wengi wenye kasoro za namna hii hujulikana siku ileile ya kuzaliwa, maana umio wao umekatika. Wa juu umeziba kama soksi, wa chini umejishika kwenye bomba la hewa. Ndivyo ilivyo kwa takriban 85 kati ya kila 100. Mtoto anatoka mapovu mdomoni, akinyonya mara ya kwanza anabadilika rangi, na nesi akipitisha mpira wa kulishia unagoma kwenye sentimita 10 hivi. Eksirei inaonyesha mpira umejikunja kifuani, na hapo hakuna tena ubishi.

Wa kwangu hakuwa hivyo. Umio wake ulikuwa mzima toka juu hadi tumboni, ila una hilo tundu la pembeni. Wanaufananisha na herufi H, ingawa daktari aliponichorea kwenye karatasi ya maabara mstari wa kati ulipanda kwa mshazari, ikawa N zaidi kuliko H. Aina hii ni kama watoto 4 tu kati ya kila 100 wenye kasoro hizi. Na ndiyo inayodanganya watu, kwa sababu mpira unapita vizuri mpaka tumboni! Hospitali ya kwanza waliupitisha, wakaniambia koo halina neno, tukarudi nyumbani na antibiotiki. Nimonia ya pili, antibiotiki. Ya tatu, tukalazwa.

Aliyetufumbua macho ni nesi mmoja wa zamu ya usiku. Alimwekea mpira wa puani ili apumzike kunyonya, na kwa siku mbili alizolishwa kwa mpira kikohozi kikakatika kabisa. Mpira ulipotolewa, ziwa la kwanza tu, akapaliwa. Nesi akaniuliza, “Mama, tumbo huwa linajaa gesi akilia?” Lilikuwa linajaa kama ngoma, mimi nilikuwa nalipaka mafuta na kumpa dawa ya mchango. Kumbe hewa ilikuwa inapita kwenye tundu kuingia tumboni, na maziwa yanapita hapohapo kwenda mapafuni.

Tukapewa rufaa. Kipimo cha kwanza, cha kumnywesha dawa ya kuonekana kwenye picha, hakikuonyesha kitu. Usikate tamaa kikitoka hivyo, tundu hili hujificha. Cha pili walimlaza kifudifudi, wakapitisha mpira mpaka chini ya umio, wakawa wanauvuta juu polepole huku wanasukuma dawa kwa bomba la sindano. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kioo. Kwenye skrini ukatokea uzi mweupe, mwembamba kama wa kushonea, ukapanda kutoka njia moja kwenda nyingine. Yule mtaalamu akasema “huyo hapo”, basi. Miezi minane, na jibu lake lilikuwa uzi.

Siku ya operesheni walimwingiza kamera kwenye bomba la hewa, wakapenyeza waya laini kwenye tundu ili wasilipoteze, wakachana shingoni upande wa kulia, si kifuani. Wakalikata na kushona pande zote mbili. Nilionywa kwamba mshipa wa fahamu wa sauti unapita jirani. Alitoka na sauti ya kukwaruza, ikarudi baada ya wiki kadhaa. Kaka yako alikuwa anauliza kama wanamjaribia mtoto wetu. Daktari akamjibu kwamba mwaka 1941 huko Michigan, Marekani, daktari wa upasuaji Cameron Haight aliunganisha umio uliokatika wa binti wa siku 12 na binti akapona, sembuse tundu.

Sasa wewe. Si kila mtoto anayepaliwa ana fistula. Wengi maziwa yanawarudi tu, wengine bado hawajui kumeza vizuri. Siwezi kumpima mwanao kwa simu. Ila usiseme tu “anakohoa”, maana utapewa dawa ya kikohozi. Sema anakohoa akinyonya, na kama akilala njaa hakohoi, sema. Sema tumbo linajaa. Nenda na kadi yote, nimonia zihesabiwe mbele ya daktari. Mrekodi kwa simu wakati ananyonya. Ile sauti uliyonitumia bila kujua inatosha kuanzia. Uliza moja kwa moja kama inaweza kuwa fistula ya njia ya hewa, na uombe rufaa kwa daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, iwe Muhimbili, KCMC au Bugando, popote mtakapofika. Midomo ikigeuka bluu, usingoje rufaa wala mimi, kimbieni hospitali iliyo karibu.

Nimeshakata tiketi, Ijumaa usiku nitakuwa hapo. Kwa Mama niachie mimi, nitamwonyesha kovu la mjukuu wake shingoni, naye ataniuliza kwa nini nilimficha habari ya damu. Fundi mpigie leo, umwambie mmeahirisha.