Picha nusu ukurasa, uhakiki hakuna

Ndugu Mhariri,

Nimesoma ukurasa wenu wa burudani wa wiki iliyopita, ile makala ya yule dada anayeandika na kuigiza michezo ya jukwaani chuoni na sasa hivi ametoa filamu fupi yake ya kwanza. Niwape hongera kwanza kwa kumkumbuka, maana magazeti mengi yanasubiri mtu apate tuzo huko mbali ndo yaanze kumuita "wetu". Ila makala nzima nimeimaliza na sijaona mahali mmesema huo mchezo unahusu nini. Picha imekula nusu ukurasa, kapendeza kweli, tumeambiwa rangi anayoipenda, tumeambiwa ndoto zake, tumeambiwa anajituma na hana makuu, nyota yake inang'ara, halafu basi, imeisha hiyo. Hivi mwandishi wenu aliuona mchezo? Filamu aliiangalia? Mimi vyote nimeviona na nikisoma mlichoandika naona kama mnamzungumzia mtu mwingine kabisa.

Sasa kwa kuwa pengo mmeliacha wazi acha nilizibe kidogo mwenyewe.

Mchezo ni wa dada wawili wanaopanga vitu vya marehemu mama yao. Ukumbi wa chuo, viti vya plastiki, seti yenyewe ni meza moja na maboksi na lundo la nguo, hakuna cha ziada. Yeye ndo kaandika, kaongoza, na kaigiza dada mkubwa. Muda wote wanaobishana yeye anakunja nguo. Anakunja, anapanga, anakunja, mkono haupumziki, na ukikaa vizuri unaona kasi ya mikono ndo inakwambia hasira imefika wapi, maana sauti hapandishi. Halafu mdogo wake anamtolea ile siri ya deni, na huyu dada mkubwa hasemi kitu, anachukua gauni ambalo ameshalikunja, analikunjua, analikunja tena, analikunjua tena. Ukumbi wote kimya. Huyo ni binti wa chuo, hajalipwa hata senti, na kuna waigizaji wa miaka mingi kwenye tasnia ambao mpaka leo wakitaka kuonyesha uchungu lazima wapige kelele na kujigaragaza chini.

Hilo ndo lilikuwa la kuandika, Mhariri. Na mngeandika pia palipopwaya, maana papo. Yule mjomba anayeingia kipande cha pili siyo mtu, ni kipaza sauti, ameletwa pale kutusomea mawazo ya mwandishi kuhusu wanaume na mirathi, na kila anachosema ni kweli lakini hakuna mjomba anayeongea vile. Wahusika watatu wote wanaongea kwa ulimi mmoja, ukifumba macho huwezi kujua nani ni nani. Na mwisho kaweka hotuba. Mikono imeshasema kila kitu, hotuba ya nini tena?

Najua kuna watakaosema mtoto ndo kwanza anaanza mbona unamponda, utamvunja moyo. Siyo kweli jamani. Mtu anayeandika mchezo, anakusanya wenzake, anafanya nao mazoezi usiku baada ya vipindi na kusimama mbele ya watu wanaoweza kucheka pasipo mahali pake, huyo moyo anao. Kinachomvunja ni kukuta kila mtu anamwambia "umetisha" na hamna hata mmoja anayeweza kumwambia ametisha wapi. Sifa za jumla jumla zinamwacha pale pale alipokuwa, na mchezo ujao mjomba atarudi na hotuba ndefu zaidi.

Angalieni kurasa zenu za michezo. Kijana wa miaka kumi na saba akianza kucheza timu ya vijana mwandishi wenu anaandika mguu wake wa kushoto ukoje, anapoteza mipira mingi akibanwa, anachelewa kurudi nyuma kukaba. Hakuna anayesema mnamwonea. Mnamchukulia kama mchezaji basi. Kwa nini msanii mwenye umri ule ule anaulizwa rangi anayoipenda?

Halafu hili la kwamba michezo ya wanafunzi ni mazoezi tu haina haja ya mhakiki, naomba niwakumbushe jambo ambalo watu wa magazeti mngepaswa kulijua kuliko mimi. Mwaka 1957 mchezo wa kwanza kabisa wa mwandishi Harold Pinter uliwekwa jukwaani na wanafunzi wa drama wa Chuo Kikuu cha Bristol huko Uingereza. Pinter wakati huo ni muigizaji wa kawaida tu wa kuzunguka mikoani, nani anamjua. Mchezo huo huo ulipokuja kuchezwa na wanafunzi kwenye tamasha la michezo ya vyuo, Harold Hobson, mhakiki wa gazeti la Sunday Times, akaenda kukaa na kuuangalia na akauandika gazetini kama kazi ya mtu mzima. Mwaka 1958 Pinter akapata ukumbi London kwa mchezo mrefu, wahakiki wakaukandamiza vibaya sana, ukafungwa ndani ya wiki moja, na uhakiki wa Hobson wa kuusifu ukatoka Jumapili wakati jukwaa limeshabomolewa. Pinter yule yule mwaka 2005 akapewa Nobel ya fasihi. Kwa hiyo ile hoja yenu ya siku zote kwamba michezo ya chuo inachezwa siku mbili tatu na gazeti likitoka imeshaisha, mimi siikubali. Mchezo umeisha sawa, mwandishi wake hajaisha.

Na siyo Pinter peke yake. 1966, Edinburgh, wanafunzi wa Oxford wanacheza mchezo ulioandikwa na kijana anaitwa Tom Stoppard, magazeti mengine yanaupita pita tu, Ronald Bryden, mhakiki wa gazeti la Observer, anaandika kuusifia, na mwaka uliofuata tu mchezo uko National Theatre London. Sisemi kila mwanafunzi ni Stoppard, wengi sio, na michezo mingi ya chuo ni mibovu tuwe wakweli, nimekaa kwenye mingine nikiangalia saa mpaka aibu. Lakini ule mzuri utaujuaje kama hamumtumi mtu?

Haya, filamu. Ni fupi, haifiki robo saa. Mwanamke amekuja kurudisha funguo za nyumba aliyokuwa amepanga, mwenye nyumba hajafika, anasubiri ndani ya vyumba vitupu. Ndo hiyo tu. Nilichokipenda ni kwamba hotuba imekufa, hakuna mtu anatueleza kitu, kamera inakaa kwenye alama ukutani pale palipokuwa na picha na tunaelewa. Mtu aliyeona mchezo anajua huyu dada amejifunza nini hapo katikati, na mtu aliyesoma gazeti lenu hawezi kujua.

Shida zipo na ni zile zile za kila anayetoka jukwaani kwenda kwenye kamera. Yule anayeigiza mwenye nyumba ndo yule yule mjomba wa kwenye mchezo, na bado anaigizia watu wa safu ya mwisho wakati lenzi iko hatua moja kutoka usoni mwake. Jukwaani nyusi lazima ipande mpaka ionekane kule nyuma mlangoni, kwenye picha ya karibu ukiipandisha hivyo unaonekana umeona jini. Ni kitu cha kurekebishika, anahitaji tu mtu wa kumwambia afikirie tu, asionyeshe.

Sauti ndo imeniuma zaidi. Chumba kitupu kina mwangwi, na wamerekodi kwa maiki iliyo juu ya kamera, kwa hiyo kamera ikirudi nyuma na sauti inarudi nyuma, neno moja unalisikia la pili limezama. Watu wa filamu za bajeti ndogo wanakopa kamera kubwa kwa gharama halafu sauti wanaiacha ijitafutie, wakati mtazamaji picha ya giza anaivumilia ila sauti mbovu anazima. Maiki isogezwe karibu na mdomo, mablanketi yatundikwe upande usioonekana, mwangwi utapungua sana. Sijui kwa nini hili halisemwi zaidi, naona kwenye filamu huru karibu zote ninazoangalia.

Ila kuna kitu amekifanya ambacho wengi wa rika lake hawakifanyi. Ukiangalia filamu unaona kabisa walifanya mazoezi kama ya jukwaani kabla kamera haijawashwa, mwili unajua unakokwenda. Mwongozaji Christopher Nolan filamu yake ya kwanza ndefu, iliyotoka 1998, aliitengeneza hivyo hivyo. Ilitumia kama dola 6,000, walikuwa wanapiga Jumamosi karibu mwaka mzima kwa sababu kila mtu ana kazi yake siku nyingine, na kwa vile mkanda wa filamu ulikuwa ghali walikuwa wanafanya mazoezi ya kila sini mpaka iive ili wakishoot wapige mara moja au mbili basi. Siku hizi kadi ya kamera haina gharama ile, vijana wanapiga mara ishirini wakitegemea bahati, na kwenye kuhariri wanakuta mara zote ishirini muigizaji hajui anasimama wapi. Aliyepitia jukwaani tabia hiyo hana, kwa sababu jukwaani hakuna "tena".

Ndo maana nasema msimwandike kama mtu aliyeacha maigizo ya chuo akapanda daraja kwenda kwenye filamu, kama makala yenu ilivyosema. Hajaacha kitu, kaondoka nacho. Tena jukwaani anapata jibu usiku ule ule, watu wakikohoa kohoa unajua umewapoteza, wakati filamu unakaa nayo miezi ndo ujue ilikuwa inachosha.

Jambo jingine dogo, hamkumtaja aliyepanga taa za ule mchezo wala aliyeshika kamera. Najua nafasi ni finyu, lakini ile alama ya ukutani isingeonekana bila mtu aliyejua dirisha lifunguliwe saa ngapi. Naye ni chipukizi.

Nasikia dada yule anaandaa mchezo mwingine na kundi lile lile, wako kwenye kusoma muswada mezani. Tarehe zikitoka nitawatumia ofisini kwenu. Naomba mtume mtu, na akija asikae mbele na kamera ya kutafuta picha ya nusu ukurasa, akae katikati ya ukumbi, simu azime, abaki mpaka mwisho, na akirudi aandike mjomba safari hii anaongeaje.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.